Nani Aliiba Wekundu wa Kiti cha Pweza?

Sogeeni karibu, wanangu, leo nina kisa cha wizi. Mwenye mali ni kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota. Kilichoibwa ni rangi yake nyekundu. Mwizi mnamfahamu vizuri, tena asubuhi hii kila mmoja wenu amemnywa kikombe kizima.

Kisa kilianza siku ya bamvua, kwenye Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekupwa mbali. Mimi na mpwa wangu, binti wa miaka 12, tulikuwa tukitembea taratibu katikati ya nyasi za bahari. Kwenye kidimbwi cha maji yanayofika kifundo cha mguu tukakiona: kiti cha pweza, mwili wa kijivu kinachokaribia weupe, na juu yake vinundu vyekundu kama pilipili mbivu, vimeunganishwa kwa mistari myekundu vilevile. Hatukukigusa. Tulichuchumaa, tukakitazama mpaka tukatosheka, tukakiacha kisubiri maji yajae.

Alasiri maji yalipojaa tulipanda ngalawa hadi ukingo wa mwamba. Mpwa wangu alibaki juu na nahodha, mimi nikavaa miwani ya kuzamia, nikashuka na kamera. Kwenye kina cha mita nne nikakuta kiti cha pweza kingine, kimejibanza kando ya tumbawe. Nikakaa umbali wa mita moja, nikapiga picha. Kabla sijapanda nikaweka pembeni yake kibao changu cheupe, kile ambacho wapiga mbizi hukitumia kuandikia chini ya maji, nikapiga nyingine.

Nilipofika juu, mpwa wangu alichukua kamera, akaangalia kioo chake, akakunja uso.

"Mjomba, kamera hii mbovu. Imekipaka masizi."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Vinundu vilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia hadi kukaribia weusi. Kibao cheupe kilikuwa na rangi ya bahari. Picha nzima ilionekana kama imepigwa kupitia chupa ya kijani.

"Kamera haina kosa, mwanangu," nikamwambia. "Imeandika ilichopewa. Kuna aliyechota kabla yake."

Sasa nanyi sikilizeni nilivyomweleza, maana mwizi huyu ana hesabu zake, na ukizijua hesabu za mwizi unaweza kudai mali irudi.

Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake rangi zote za upinde wa mvua zinasafiri pamoja. Zikiingia majini, maji hayazitendei sawa. Chembe za maji hutikisika kwa namna inayonyonya zaidi mwanga mwekundu na kuugeuza kuwa joto kidogo mno. Katika maji safi, kila mita moja hula takriban theluthi ya wekundu uliofika hapo. Tuseme imeingia miale 100 myekundu. Baada ya mita ya kwanza imebaki 67. Baada ya mita ya pili, 44. Ya tatu, 30. Ya nne, 20. Ya tano, 13. Buluu, katika maji hayohayo, haipotezi hata miale miwili katika mia kwa kila mita. Ndiyo maana bahari ya kina ni ya buluu, na ndiyo maana mpiga mbizi akijikata kidole akiwa mita 20 chini, damu yake huonekana ya kijani iliyokolea.

Msisahau kwamba mwanga ulisafiri mara mbili. Ulishuka mita nne hadi kwenye kiti cha pweza, kisha ukaenda mita moja zaidi hadi kwenye kamera. Jumla mita tano. Katika kila miale 100 ya wekundu iliyoondoka juu ikafika 13, yaani karibu sehemu moja ya nane. Ishikeni hiyo nane, tutaihitaji.

Mpwa wangu aliniuliza jambo la maana: "Na wewe ulipokuwa chini, Mjomba, ulikiona hivi?" Hapana. Mimi niliona wekundu kidogo, kwa sababu ubongo wa binadamu hujirekebisha. Ukikaa chini ya turubai la kijani kwa muda, shati jeupe hulioni la kijani tena. Ubongo umeshapunguza kijani bila kukuuliza. Kamera inaweza kukisia marekebisho kama hayo, lakini yamepangwa zaidi kwa mwanga wa nchi kavu, na chini ya maji hupotea njia. Kazi yetu jioni ile ilikuwa kufanya kwa hesabu kile ambacho ubongo wangu ulifanya wenyewe.

Na mwizi hakuwa peke yake. Ana mwenzake. Maji ya bahari yamejaa vitu vidogo visivyohesabika: vijimea, vijidudu, mchanga, na upande wa Mafia unaoelekea bara, tope linaloletwa na mto Rufiji. Mwanga hugonga vitu hivyo vilivyo kati ya kamera na samaki, ukarudi moja kwa moja kwenye kamera bila kumfikia samaki. Ndio ukungu uleule unaowapata madereva wakiwasha taa kubwa asubuhi kwenye milima ya Lushoto: taa zinawarudishia weupe mtupu. Baharini ukungu huo ni wa buluu au kijani, nami nitauita utaji, kwa kuwa unafunika sura. Mwizi wa kwanza anaondoa rangi iliyokuwepo. Huyu wa pili anaongeza mwanga ambao haukutoka kwenye kiti cha pweza.

Watu wamehangaika na wezi hawa tangu zamani. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas huko Florida, Marekani, mwanasayansi William Longley na mpiga picha Charles Martin walipiga picha za kwanza za rangi chini ya maji. Walichukua mwanga wao wenyewe: unga wa magnesi juu ya chelezo kinachoelea, ukawashwa, ukalipuka kwa mng'ao mkubwa, na samaki wa matumbawe akaandikwa kwenye kioo cha picha. Hata leo wapiga mbizi hubeba taa kwa sababu hiyohiyo. Taa iliyo karibu na samaki inafupisha safari, na safari fupi humnyima mwizi nafasi. Lakini taa haiwezi kuangaza mwamba mzima. Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Jioni tulikaa barazani na kompyuta. Nikaikuza picha, nikaikuza tena, mpaka kiti cha pweza kikapotea na vikabaki viraba tu.

"Kama mkeka," akasema mpwa wangu.

Naam, picha ya dijitali ni mkeka. Kila kiraba kinaitwa pikseli, na ndani ya kila kimoja kuna namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Katika picha za kawaida kila namba huanzia 0, yaani giza, hadi 255, yaani mwanga wa mwisho. Zikiwa sawa zote tatu unapata kijivu au weupe. Nyekundu ikizidi sana wenzake unapata wekundu. Kurekebisha picha ni kuzifanyia namba hizi hesabu, kiraba baada ya kiraba. Nilikuwa nimeiamuru kamera ihifadhi picha ghafi, ambayo namba zake hufuata kiasi cha mwanga kilichoingia. Picha ya kawaida kamera huwa imeshaipika, na ni vigumu kukitoa chumvi chakula kilichokwisha kuungwa.

Tukakigusa kibao cheupe. Nyekundu 20, kijani 140, buluu 160. Kibao ni cheupe, sisi tuliokinunua tunajua, kwa hiyo namba zake tatu zilipaswa kulingana. Ili 20 iwe 160 tunazidisha kwa ngapi?

"Nane!" Alisema kwa sauti, maana aliikumbuka.

Naye alikuwa sahihi. Maji yalibakiza sehemu moja ya nane, kibao kinatudai nane. Kijani nacho kinahitaji kidogo: 140 ukizidisha kwa 8 na kugawanya kwa 7 inakuwa 160. Buluu tunaiacha.

Kisha tukaenda kwenye kinundu kimoja. Kilikuwa na nyekundu 18, kijani 35, buluu 30, rangi ya giza isiyo na jina. Akachukua kalamu. Kumi na nane mara nane, 144. Thelathini na tano mara nane, gawanya kwa saba, 40. Buluu 30. Nyekundu 144, kijani 40, buluu 30: rangi ya pilipili. Nikaiamuru programu irudie hesabu hiyo kwenye mkeka wote, na vinundu vikawaka mbele ya macho yake kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyeshika brashi. Wekundu ulikuwepo muda wote ndani ya zile namba, umenyong'onyea tu.

Je, usipokuwa na kibao? Kuna njia inayokisia kwamba ukichanganya rangi zote za picha, wastani wake huwa kijivu. Programu inatafuta wastani wa kila rangi, kisha inaisawazisha. Mara nyingi inafaa. Lakini ukipiga picha ya samaki mdogo mbele ya maji matupu ya buluu, wastani wa kweli si kijivu, na programu ikilazimisha, maji yote yatageuka rangi ya tofali. Ndiyo maana ninawasihi: bebeni kibao. Shahidi aliyekuwepo ni bora kuliko mpiga ramli.

Baada ya furaha ile mpwa wangu akasogeza uso karibu. "Mjomba, mbona kimetoka chenga?" Kwenye sehemu za giza kulikuwa na vidoadoa vyekundu. Sababu yake ni hesabu ileile. Kamera husoma kwa kukosea kidogo. Penye 18 inaweza kuandika 17 au 19. Tofauti ya moja jicho haliioni. Lakini ukizidisha kwa nane, 17 inakuwa 136 na 19 inakuwa 152. Kosa limezidishwa pamoja na kweli. Dawa mojawapo ni kuwauliza majirani wanane wa kila kiraba: panga namba zote tisa kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Namba iliyopotoka peke yake huangukia mwisho wa mstari na kuachwa. Ukitumia dawa hiyo kupita kiasi, hata vinundu vidogo vya kweli vitafutika.

Halafu akaona jambo zito zaidi. Mkono wa tano wa kiti cha pweza ulikuwa umeingia kwenye kivuli cha tumbawe. Mikono minne ilikuwa na vinundu vyekundu. Wa tano ulibaki mweusi. Tukagusa viraba vyake: nyekundu 0, 0, 0. Sifuri mara nane ni sifuri. Wekundu wa mkono ule ulikuwa haukuifikia kamera kabisa.

"Tuupake tu," akasema. "Si tunajua ni mwekundu?"

Sikumjibu wakati ule. Nilimwambia asubiri, tumalize kazi ya utaji kwanza.

Kumbukeni, utaji ni mwanga ulioongezwa, kwa hiyo huondolewa kwa kutoa. Tena inabidi utolewe kabla ya kuzidisha, la sivyo utauzidisha nao. Kwa picha yetu ya mita moja ulikuwa mwembamba mno, ndiyo sababu hesabu ya kibao ilitutosha; lakini nyuma ya kiti cha pweza mwamba ulizidi kufifia kadiri ulivyokwenda mbali. Zamani watu waliazima hesabu za ukungu wa nchi kavu. Mwaka 2009 Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang walionyesha kwamba katika picha safi ya mchana, karibu kila eneo dogo lisilo la anga lina kiraba chenye angalau rangi moja ya giza kabisa. Pasipo na giza hilo, ujue ukungu umepajaza. Ni wazo zuri sana nchi kavu. Majini linachanganyikiwa, kwa kuwa mwizi wa kwanza amekwisha kuifanya nyekundu iwe giza kila mahali.

Mwanamke mmoja aliamua kuwasikiliza wezi wa baharini wenyewe. Anaitwa Derya Akkaynak, mhandisi na mwanasayansi wa bahari kutoka Uturuki, na jina lake Derya kwa Kituruki ni bahari. Akiwa na Tali Treibitz wa Chuo Kikuu cha Haifa, alionyesha kwamba kiwango ambacho maji huondoa rangi na kiwango ambacho utaji hujijenga havilingani, na kile cha kwanza hubadilika kwa umbali. Mwaka 2019 wakatangaza njia waliyoiita Sea-thru, waliyoijaribu kwa picha zaidi ya 1,100 kutoka kwenye maji ya aina mbili tofauti.

Njia yao inataka kujua umbali wa kila kiraba. Fumbeni jicho moja, nyosheni kidole mbele ya uso, kisha badilisheni jicho. Mmeona kidole kilivyoruka, na mti wa mbali haukusogea sana? Kompyuta nayo hupewa picha nyingi za mwamba mmoja kutoka pembe mbalimbali, ikapima kila kitu kimeruka kiasi gani, ikajua umbali wake. Kisha inatafuta vitu vyeusi, kama mwanya kati ya matumbawe. Mwanya mweusi hautoi mwanga. Ukionekana wa buluu, buluu yote hiyo ni utaji. Ukilinganisha mwanya wa mita mbili na wa mita nane, unajua utaji unavyonenepa. Unautoa. Halafu unazidisha, kila kiraba kwa umbali wake.

Mwisho kabisa huja kuzitawanya namba. Picha ya majini mara nyingi namba zake zimebanana katikati, tuseme kati ya 60 na 140, kama abiria wote waliosongamana katikati ya daladala na viti vya mbele na nyuma vitupu. Programu inazisambaza hadi zijaze nafasi kutoka 0 hadi 255, na umbo la kila kitu linajitokeza. Njia nyingine hufanya hivyo kipande kwa kipande, na huwekewa kikomo ili eneo lenye maji matupu lisichochewe mpaka likaonyesha vitu visivyokuwepo.

Kazi hiyo ya kutawanya ina faida palepale Mafia. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hufika karibu na Kilindoni, na kila mmoja ana madoa meupe ambayo mwenzake hana. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walieleza jinsi ya kumtambua papa potwe kwa picha ya madoa yaliyo ubavuni, nyuma ya mashavu yake, wakitumia hesabu ambazo wanaastronomia walizitunga ili kulinganisha nyota. Picha yenye utaji huficha madoa. Picha iliyosafishwa humtaja mwenyewe, naye hana haja ya kufungwa alama mwilini.

Hapo ndipo nilipomrudia mpwa wangu na swali lake la mkono wa tano.

Nikamwambia: siku hizi kuna programu zinazojifunza. Zinaonyeshwa picha nyingi mbaya, kila moja pamoja na nzuri yake, mpaka zikajua kugeuza moja kuwa nyingine. Mkusanyo mmoja maarufu wa mwaka 2019 una picha 950 za chini ya maji, na 890 kati yake zimewekewa picha ya kuigwa. Hizo za kuigwa zilipatikanaje? Watu walitazama marekebisho mbalimbali ya picha ileile, wakachagua lililowapendeza. Kwa picha ya kutundika ukutani ni sawa kabisa. Lakini jicho lilichagua uzuri, na kinachopendeza si lazima kiwe ndicho kilichokuwepo.

Mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe yakapauka. Tumbawe likipauka hupoteza rangi, hubaki jeupe kama mfupa. Wanaolinda bahari hupima hasara hiyo kwa picha, mwaka baada ya mwaka. Sasa fikiria programu inayojua kwamba matumbawe hupendeza yakiwa ya rangi, ikalipaka lile lililopauka. Mgonjwa ameandikiwa kwamba ni mzima, na hakuna atakayekwenda kumtazama.

"Vinundu vya asubuhi tuliviona," nikamwambia. "Mikono minne hii maji yalitubakizia ushahidi wake, tukaukuza. Huu wa tano umetuambia nini?"

Alikaa kimya kidogo. "Haujatuambia kitu."

"Huenda ni mwekundu. Huenda umejeruhiwa. Huenda unaota upya, maana viti vya pweza huotesha mikono iliyokatika."

Hakuupaka. Alihifadhi picha ile ghafi kwenye faili yake, na iliyorekebishwa kwenye faili nyingine, ili yeyote atakayetilia shaka aweze kurudia hesabu zetu. Chini yake akaandika kwa mkono wake: mita nne, umbali mita moja, kibao cheupe kimetumika, nyekundu imezidishwa kwa nane. Mkono wa tano ulikuwa kivulini, rangi yake haijulikani.

Kisha akafunga kompyuta, akaniuliza bamvua ijayo ni lini, na kama naweza kumtafutia taa.